Mdomo ulipinda asubuhi, nikaanza kuzihesabu neva za fuvu moja moja (uzi mrefu kidogo)

#1 NyundoYaGoti

Wakuu, habari za humu.

Nimekuwa msomaji kimya kwa muda mrefu, leo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Kazi yangu ni kufundisha anatomia. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa na kuwaambia kuna jozi 12 za neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo na kupenya matundu ya fuvu bila kupitia uti wa mgongo. Na kila mwaka naona vijana wanavyoanza kusinzia kabla sijafika ya nne. Siwalaumu. Majina 12 ya Kilatini na Kigiriki yaliyopangwa kama rejista ya shule hayana ladha yoyote.

Sasa mwezi uliopita, asubuhi, nasukutua baada ya kupiga mswaki. Maji yakachuruzika kwenye kona ya kushoto ya mdomo yakanilowesha shati. Nikadhani ni uzembe wa usingizi. Nikasukutua tena, yaleyale. Nikainua macho kwenye kioo: kulia ni mimi, kushoto ni mtu aliyelala. Mkunjo wa shavu umepotea, kope la chini limelegea, machozi yanatiririka yenyewe. Nikijaza hewa mashavuni inanitoroka pembeni.

Neno lililonijia ni moja tu, kiharusi. Mke wangu alishashika funguo. Ila kabla hatujatoka mlangoni nikafanya kile ninachowafundisha watoto wa watu: nikainua nyusi. Paji la kulia likakunjamana. La kushoto likabaki laini kama yai.

Nikapumua kidogo. Kwa nini? Misuli ya uso inaendeshwa na neva ya 7. Lakini zile seli za neva hiyo zinazohudumia paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, wakati zile za mdomo hutegemea zaidi upande mmoja tu, ule ulio kinyume nao. Kiharusi kikiharibu upande mmoja wa ubongo, mdomo unapinda lakini paji linaendelea kukunjamana, maana lina msaada wa upande wa pili. Paji likifa pamoja na mdomo, tatizo limeshuka chini: liko kwenye neva yenyewe, au pale neva inapoanzia ndani ya shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo.

Hilo la mwisho nimeliandika kwa makusudi. Kiharusi cha shina la ubongo nacho kinaweza kuua paji. Kwa hiyo mimi na ualimu wangu wote tulikwenda hospitali saa ileile. Ukiona uso wa mtu umepinda ghafla usimpange mbele ya kioo umfanyie mtihani. Mpeleke.

Kituo cha kwanza (sikitaji) nilipewa matone ya sikio, kwa sababu niliropoka kwamba sauti zinaniumiza sikio la kushoto. Cha pili nilikutana na daktari aliyenipima kwa kurunzi, kipande cha pamba na vidole vyake tu, dakika kama kumi hivi, akaniambia: "Kupooza kwa Bell. Neva imevimba ndani ya mfereji wake wa mfupa." Akaniandikia vidonge vya steroidi akasisitiza vinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, halafu akatumia muda mwingi kuliko wote kunieleza habari ya jicho: matone mchana, malhamu usiku, na plasta ya kulifunga wakati wa kulala. Jicho lisilofumba hukauka, na kioo chake kikichubuka unaweza kupata kovu la kudumu hata kama uso utapona.

Sasa utamu wa uzi uko hapa. Neva ya 7 ina njia yake. Inatoka kwenye shina la ubongo, inaingia kwenye tundu la mfupa nyuma ya sikio la ndani ikiwa bega kwa bega na neva ya 8, ile ya kusikia, kisha inapita kwenye mfereji mwembamba wenye kona. Njiani inaachia matawi. La kwanza huenda kwenye tezi ya machozi. La pili ni uzi mdogo unaokwenda kwenye msuli mdogo kuliko yote mwilini, ule unaokishika kimfupa cha kikuku sikioni ili sauti kubwa zisitikise sana. La tatu linabeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Ndipo neva inatokeza chini ya sikio, inapita katikati ya tezi kubwa ya mate ya shavuni bila kuihudumia (kama mpangaji anayepita sebuleni kwa watu), na kugawanyika kwenda usoni.

Rudi kwangu. Kijiko kikigonga kikombe naruka: tawi la pili limekufa. Upande wa kushoto wa ulimi hausikii chumvi: la tatu limekufa. Lakini machozi yanatoka: la kwanza lipo. Ina maana uvimbe uko kati ya tawi la kwanza na la pili. Nimekaa kitandani na plasta jichoni nikicheka nusu uso, kwa sababu miaka yote nimefundisha orodha wakati kitu chenyewe ni ramani ya barabara.

Karibuni, leteni na za kwenu.

#2 Kidoletumbo

Pole sana mwalimu. Ila "nikicheka nusu uso" umeniua.

Naweka kambi hapa.

#3 MwakaWaPili

Shikamoo mwalimu, na pole. Naomba nisahihishe kwa heshima. Umesema zote 12 zinatoka kwenye ubongo. Sisi tumefundishwa kwamba ya 1 na ya 2 hazitoki kwenye shina la ubongo kama wenzake, na ya 11 nyuzi zake zinaanzia kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo, zinapanda kuingia ndani ya fuvu kupitia tundu kubwa la chini, halafu zinatoka tena. Yaani inaingia kuaga tu.

Pia nina mtihani wiki ijayo na bado nachanganya ya 9 na ya 10. Kuna njia ya kukariri?

#4 NyundoYaGoti

Marahaba mwanangu. Umenikamata kihalali. Ya 11 ni hivyo hivyo ulivyosema, na ya 2 kwa kweli ni kipande cha ubongo kilichorefuka kwenda kwenye jicho. Ndiyo maana ikikatika haioti tena, wakati neva ya uso iliyojeruhiwa inaweza kuota polepole.

Hata hiyo namba 12 ni makubaliano ya watu. Galeni, yule tabibu Mgiriki wa kale, alihesabu jozi 7. Daktari Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664 alikuwa bado anaihesabu neva ya uso na ya kusikia kama jozi moja, na za 9, 10 na 11 kaziweka kapu moja. Mjerumani Samuel Thomas von Sömmerring ndiye aliyezitenganisha mwaka 1778, akiwa bado kijana anayeandika tasnifu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayokutesa wewe leo.

Kukariri: achana na majina kwanza. Simama, fanya vitendo kwa mfuatano, kwa sauti. *Nusa. Ona. Zungusha jicho. Shusha jicho kuelekea pua. Tafuna. Tazama pembeni. Cheka. Sikiliza. Meza. Tangatanga. Inua mabega. Toa ulimi.* Hizo ndizo 12. Ya 9 na ya 10 zinachanganya kwa sababu zinatoka fuvuni kwa tundu moja na zote zinafanya kazi kooni. Kumbuka hivi: ukigusa nyuma ya koo na kijiti, ya 9 ndiyo inayohisi, ya 10 ndiyo inayokufanya ujikunje kutaka kutapika. Moja mlalamikaji, nyingine mtendaji.

#5 MwakaWaPili

Nimefanya chumbani, mwenzangu kaniuliza kama niko sawa. Lakini zimeingia. Asante mwalimu.

#6 ZamuYaUsiku

Muuguzi hapa, wodi ya majeruhi wa kichwa. Niongezee neva ya 3, maana ndiyo inayotunyima usingizi.

Mgonjwa wangu mmoja wa zamani, kijana, alianguka kutoka juu. Saa nne usiku anaongea, analalamika kichwa. Tunapima mboni za macho kila saa. Saa tano ziko sawa, zote mbili zinasinyaa kwa mwanga. Saa sita nikamulika kurunzi: ya kulia imetanuka, imesimama, hata ukimulika haitikisiki. Na alishaanza kuwa mzito kuamka. Sikumaliza kuandika faili, nilipiga simu nikiwa nakimbia.

Kinachotokea ni hiki. Damu ikijikusanya ndani ya fuvu, ubongo hauna pa kwenda, unasukumwa chini na kuibana neva ya 3. Nyuzi zinazosinyaza mboni zimekaa juujuu kwenye neva hiyo, kwa hiyo ndizo zinazobanwa mwanzo. Baadaye ndipo kope linaanguka na jicho linageuka kutazama chini na nje. Mboni ni kengele, na ikishalia huna muda.

Wenye kisukari wakati mwingine hupata kinyume chake: kope limeanguka, jicho limegeuka, lakini mboni iko salama. Hapo mshipa mdogo wa damu unaolisha katikati ya neva ndio ulioziba, nyuzi za juujuu zimeponea. Neva ileile, namna mbili za kuumia, na kurunzi ya mfukoni inakupa fununu ya kwanza. Yule kijana alifanyiwa upasuaji usiku uleule, akatoka wodini kwa miguu yake.

#7 NyundoYaGoti

Dada, hii nitaisoma darasani kama ilivyo. Ubarikiwe.

#8 MtotoWaJicho

Mimi ni wa macho, jina langu linasema. Ya 3 imepata sifa zake, lakini naitetea ya 4 ambayo kila mtu huiruka. Ni nyembamba kuliko zote 12, ndiyo pekee inayotokea mgongoni mwa shina la ubongo, na inahudumia msuli mmoja tu. Ukano wa msuli huo unapita kwenye kijikapi cha gegedu ndani ya tundu la jicho, kama kamba ya kisima. Ndiyo maana neva yenyewe inaitwa troklea, maana yake kapi.

Mtu ambaye ya 4 imeumia mara nyingi hasemi "naona mbilimbili". Anasema "nashindwa kushuka ngazi". Akiangalia chini anaona ngazi mbili, moja juu ya nyingine, hajui aikanyage ipi. Na ukimtazama utakuta ameinamisha kichwa upande ambao si wa jicho bovu, bila yeye kujua, kwa sababu kichwa kikikaa hivyo picha mbili zinakutana. Kuna watu wamezaliwa nayo, picha zao zote za utotoni shingo imelala upande mmoja.

Ya 2 nayo, mwalimu kaigusa kidogo. Ina nyuzi takriban milioni 1. Mahali zinapotokea nyuma ya jicho hakuna seli za kuona, kwa hiyo kila jicho lina doa lisiloona. Mfaransa Edme Mariotte alilionyesha miaka ya 1660. Jaribu sasa hivi: chora msalaba kwenye karatasi, na kulia kwake, sentimita 8 hivi, chora nukta. Ziba jicho la kushoto. Tazama msalaba kwa jicho la kulia, karatasi ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, uisogeze taratibu mbele na nyuma. Nukta itatoweka. Haitaacha shimo jeusi, ubongo unapaka rangi ya karatasi pale pale.

#9 Kidoletumbo

NUKTA IMETOWEKA. Nimeita nyumba nzima.

#10 BiMkubwa_wa_Uzi

Hamjambo wanangu. Neva ya 5 hamjaisema na mimi ndiyo iliyonitesa miaka miwili.

Ilianza nikinawa uso. Kama shoti ya umeme, kutoka ubavuni mwa pua hadi kwenye jino la juu, sekunde chache, kisha kimya. Halafu ikawa nikitafuna. Halafu upepo tu ukinigusa shavu. Nikaenda kwa mtu wa meno, akang'oa moja. Maumivu yakarudi. Akang'oa la pili. Meno yote mawili yalikuwa mazima, nimeyahifadhi. Nilikuja kuambiwa na daktari wa neva kwamba jino halikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye waya unaoleta habari za jino. Kipimo cha picha kikaonyesha mshipa wa damu umeigusa neva karibu na shina la ubongo, kila ukidunda unaikwaruza. Nilipewa kabamazepini, dawa ambayo wengine hunywa kwa kifafa, na ndani ya siku chache nilinawa uso kama binadamu.

Meno yangu sasa nani atanirudishia?

#11 NyundoYaGoti

Shikamoo mama, na pole. Kisa chako si cha ajabu, kuna wengi wamepoteza meno mazima kwa njia hiyo. Neva ya 5 ndiyo nene kuliko zote na ina matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, la taya la chini pamoja na misuli ya kutafunia. Mpaka wa kila tawi umenyooka kiasi kwamba ukiona mtu mwenye mkanda wa jeshi usoni, vipele vimefuata tawi moja na kuishia katikati ya uso kama vimepigiwa rula. Vikifika hadi ncha ya pua, mwahishe kwa daktari wa macho, kwa sababu uzi unaohudumia pale ni jirani wa ule wa jichoni.

Watu wanachanganya ya 5 na ya 7. Ya 5 inahisi uso, ya 7 inauchezesha. Mimi na mdomo wangu uliopinda nilikuwa nahisi pamba shavuni vizuri kabisa. Daktari alipoigusa pamba kwenye kioo cha jicho langu la kushoto, nilihisi (ya 5), jicho la kulia likapepesa, la kushoto likabaki linamtazama tu (ya 7). Mguso mmoja, neva mbili.

#12 Kidoletumbo

Swali la kijinga. Nikisafisha sikio la kulia nakohoa. Kila mara. Nimekuwa naona aibu kuuliza.

#13 NyundoYaGoti

Si la kijinga, umetuletea neva ya 10 mlangoni. Inaitwa vagasi, kwa Kilatini ni mzururaji, na jina ni haki yake: inashuka shingoni, inapita kifuani, inafika kwenye moyo, mapafu, tumbo, hadi sehemu kubwa ya utumbo. Sasa tawi moja dogo lilichepuka likaenda kuhudumia ngozi ya ndani ya sikio. Watu wachache ukiwagusa hapo, ubongo unadhani ni koo linalowashwa, wanakohoa. Huna ugonjwa. Ila acha kuchokonoa masikio.

Mzururaji huyu ana visa. Tawi lake linaloendesha nyuzi za sauti lingeweza kukata kona fupi shingoni. Badala yake la kushoto linashuka hadi kifuani, linazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo linapanda tena kwenye zoloto. Kwa twiga mzunguko huo ni wa mita kadhaa kufika mahali palipokuwa jirani tangu mwanzo. Kwa hiyo sauti ikikauka wiki tatu mfululizo bila mafua, daktari makini hataishia kooni, atataka na picha ya kifua, kwa sababu uvimbe wa pafu unaweza kuibana neva huko chini. Na anayepasua tezi ya shingo anaitafuta neva hiyo kwanza kabla ya kukata chochote.

Halafu kuna mwanasayansi Otto Loewi. Alitaka kujua neva inauambiaje moyo upunguze kasi, kwa umeme au kwa kemikali. Mwenyewe alisimulia kwamba aliota jaribio usiku, akaamka akaandika, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii akaenda maabara moja kwa moja. Moyo wa chura wa kwanza, akaichochea vagasi yake, ukapunguza mapigo. Akachukua majimaji yaliyouzunguka akayamimina kwenye moyo wa chura wa pili, usio na neva yake. Nao ukapunguza. Kumbe neva inamwaga kemikali. Alichapisha mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa Nobeli pamoja na Henry Dale.

#14 Mkavu_wa_Maneno

Sawa, lakini mtandaoni kila mtu sasa anauza "kuamsha vagasi". Gugumia maji, imba, tia uso kwenye barafu, wasiwasi unaisha. Ni kweli au biashara?

Na jambo la pili, mwalimu. Ile ramani yako ya matawi ya neva ya 7 ni tamu kusimulia, lakini kliniki haitegemewi sana siku hizi. Uvimbe haukati nyuzi zote kwa usawa. Mtu anaweza kupoteza ladha akabaki na machozi hata kama uvimbe uko juu kabisa ya mfereji.

#15 NyundoYaGoti

La pili nakubali, nimenogewa na hadithi yangu mwenyewe. Ramani inasaidia kuelewa, haitoshi kuweka kidole na kusema "ni hapa".

La kwanza: nusu kweli. Maji baridi usoni kweli hupunguza mapigo ya moyo: ya 5 inapeleka habari ya baridi, vagasi inarudisha amri. Madaktari wameitumia njia hiyo kutuliza aina fulani ya moyo kwenda mbio. Kuna pia kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua na waya wake kufungwa kwenye vagasi ya kushoto, Marekani kiliidhinishwa mwaka 1997 kwa kifafa kisichosikia dawa. Wenye nacho wengi sauti hubadilika kidogo kila kinapowasha, na ukikumbuka lile tawi la sauti utajua kwa nini. Kutoka hapo hadi mtu kukuuzia kozi ya kugugumia maji ni safari ndefu. Tena takriban nyuzi 4 kati ya 5 za vagasi hazipeleki amri, zinaleta habari kutoka tumboni na kifuani kwenda juu. Anayekwambia "unaiamsha" mwulize unaamsha zipi.

#16 ZamuYaUsiku

Vagasi hiyohiyo ndiyo inayoangusha wanafunzi wangu wakiona damu mara ya kwanza. Mapigo ya moyo yanapungua, mishipa ya damu inatanuka, chini puu. Laza, inua miguu, usimsimamishe haraka. Wakubwa kwa wadogo wanaanguka, na wenye vifua vipana ndio wanaoongoza.

#17 MwakaWaPili

Mwalimu nimetoka mtihanini. Wametuuliza ya 12! Mgonjwa akitoa ulimi unalala kulia, neva ipi, upande upi? Nimejibu kulia. Wenzangu wengi wamejibu kushoto.

#18 NyundoYaGoti

Umepata. Kila nusu ya ulimi inasukuma mbele na kuelekea upande wa pili. Ni kama mtumbwi wenye wapiga makasia wawili: wa kulia akichoka, wa kushoto anausukuma mtumbwi wote uelekee kulia. Ulimi unamnyooshea kidole mgonjwa. (Hiyo ni kama neva yenyewe ndiyo iliyoumia. Kiharusi cha juu kwenye ubongo ni habari nyingine, usiwachanganye wenzako leo.)

#19 BiMkubwa_wa_Uzi

Na uso wako mwanangu, unaendeleaje? Umeandika mambo ya watu wote umesahau yako.

#20 NyundoYaGoti

Asante mama kwa kuuliza. Leo ni wiki ya tano. Hata bila dawa, takriban watu 7 kati ya 10 hupona kabisa, na niliwahi dawa, kwa hiyo nilikuwa na matumaini. Sauti ziliacha kuniumiza kwanza, kisha chumvi ikarudi, kisha wiki jana kona ya mdomo ikatetemeka nikinyoa. Plasta ya jicho nimeiacha juzi.

Ila kope la kushoto bado linachelewa kidogo kupepesa. Mimi siioni. Mwanangu wa miaka sita ndiye aliyeniambia: "Baba, jicho lako moja linafumba, lingine linafuata."